Sikio likitoa maji, mafuta ya nazi weka pembeni
Wapiga mbizi wa pweza huku Msimbati na Mikindani, hii inawahusu. Ukizama sikio likauma vikali, kisha maumivu yakakata ghafla na majimaji au damu ikaanza kuchuruzika, huenda ngoma ya sikio imetoboka. Kutulia kwa maumivu kusikudanganye.

Usitie kitu. Si mafuta ya nazi ya vuguvugu, si maji ya kitunguu, wala matone aliyobakiza jirani. Tundu likiwepo, vyote vinapenya hadi sikio la kati, na baadhi ya matone yanaweza kuharibu usikivu kabisa. Ukioga, ziba kwa pamba iliyopakwa vaselini, ukimaliza itoe. Baharini subiri kwanza. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Usaha ukipita wiki 2, au husikii vizuri, anzia zahanati au hospitali ya Ligula, Mtwara, uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Uvimbe nyuma ya sikio pamoja na homa, kizunguzungu kikali au uso kupinda: nenda siku hiyohiyo, hata usiku.

Na yule mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha kila mara, mkasema ndivyo alivyo? Mpelekeni apimwe usikivu kabla hajaanza shule.