Tazama tope likigawanyika: chupa, bidoni na mstari wa unga

Udongo mwekundu nauchota nyuma ya nyumba yetu huku Kadutu, Bukavu, pale mlima ulipokatwa. Loweka bakuli moja usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi koroga, ngoja dakika 2 mchanga ushuke, umimine tope la juu kupitia kitambaa. Baada ya siku 2 ondoa maji yaliyojitenga juu. Unataka tope zito kama maziwa ya kuganda: ukichora kwa kijiti, alama isifutike. Chembe zake nyingi hazifiki sehemu 2 za elfu za milimita.

Kata bidoni ya lita 5, simamisha katikati chupa ya soda iliyojaa maji, kisha mimina tope kuizunguka. Nyunyiza unga wa muhogo katika mstari mmoja mnyoofu, toka chupani hadi ukingoni. Zungusha chupa polepole, mzunguko mmoja kwa nusu dakika.

Mara ya kwanza mstari wangu ulikatika palepale kwenye kioo, na tope lote likatulia. Nikawaambia wanafunzi kwamba tope hili halitiririki. Binti mmoja akagusa chupa: «Mwalimu, hapa kuna maji tu.» Alikuwa na haki. Kioo laini kinateleza juu ya utando wa maji. Kwa hiyo paka chupa gundi, uibingirishe mchangani, iache ikauke. Usiiruke hatua hii.

Sasa ndipo utaona. Karibu na chupa unga unapinda na kunyooka kama uzi, lakini vidole viwili mbele yake umesimama vilevile ulivyoumwaga. Msukumo wa mkono wako unasambaa juu ya duara linalozidi kukua, tena mbali na mhimili: umbali toka katikati ya chupa ukiwa mara 2, mkazo, yaani nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo, unabaki robo. Mahali unaposhuka chini ya kiwango ambacho chembe zilizoshikana zinaweza kuvumilia, tope linakaa kama kitu kigumu. Na tope lililotulia huzidi kushikana, huku linalosogezwa likizidi kulegea. Ndiyo maana mpaka kati yao unaonekana wazi hivyo.

Acha vitu vyote vitulie dakika 10, uzungushe tena: mwanzoni mkono utahisi ukaidi. Kisha ongeza kijiko cha maji, koroga, chora mstari mpya. Sehemu inayosogea itapanuka. Pima upana wake kwa rula kila mara, uandike.