Somo: Kueleza Jenetiki kwa Katuni Bila Kumpotosha Msomaji

Nimechoka kuulizwa jinsi ya kueleza jenetiki, yaani elimu ya urithi wa sifa, kwa katuni zisizopotosha, na kujibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1. Katuni moja, dhana moja.

Hatua ya 2. Kabla ya kuchora, andika kwa sentensi moja isiyo na mzaha jambo unalotaka lieleweke.

Hatua ya 3. Chora kwa penseli. Watu wa vijiti wanatosha.

Hatua ya 4. Wape wahusika tabia, na hapa ndipo nilipoharibu. Aleli ni umbo mojawapo la jeni, na kila mtu hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa kila mzazi; aleli tawala ni ile ambayo sifa yake huonekana hata ikiwa moja tu, na fiche ni ile ambayo sifa yake hufunikwa ikiwa na tawala. Nilichora aleli tawala kama pandikizi la mtu lenye misuli, limeikalia aleli fiche, kijitu chembamba kinacholia. Wanafunzi walicheka mpaka wakatokwa na machozi, nami nikaondoka nikijisifu. Kwenye mtihani wakaandika kwamba aleli tawala huiua aleli fiche, kwamba sifa tawala ni bora kuliko nyingine, na kwamba lazima iwe ndiyo waliyo nayo watu wengi. Yote matatu ni makosa, na yote matatu niliyachora mimi. Aleli fiche haifi, bali hukaa ilipo na kurithishwa kama kawaida. Na utawala hauhusiani na wingi, kwani kuzaliwa na vidole sita mara nyingi hutokana na aleli tawala, ilhali wenye vidole vitano ndio tuliojaa duniani.

Siku hizi nachora jiko lenye nakala mbili za maelekezo ya upishi, moja safi na nyingine imetafunwa na panya. Mpishi anasoma iliyo safi, chakula kinaiva, na mgeni mezani hajui lolote, huku panya chini ya meza akijipangusa masharubu. Onyo: jiko hili halielezi kila aleli tawala. Katika Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, nakala yenye kasoro hutengeneza protini inayodhuru hata kama nakala ya pili ni nzima.

Hatua ya 5. Kwa mabadiliko ya jeni, tumia sentensi yenye maneno ya herufi tatu tatu, kwa sababu seli nayo husoma herufi za jeni tatu tatu inapotengeneza protini. Yangu ni MTU ANA DAU KUU. Ukibadilisha U ya kwanza kuwa I, unapata MTI ANA DAU KUU: mti umekalia chombo na kushika kasia, lakini sentensi bado inasomeka. Ukiondoa T na kusoma upya tatu tatu, unapata MUA NAD AUK UU: mtu amegeuka mua, na yanayofuata hayana maana. Hapo mwanafunzi huona mwenyewe kwa nini herufi moja iliyopotea mara nyingi hudhuru kuliko iliyobadilishwa. Iandike kwanza bila nafasi kati ya maneno, maana kwenye DNA, yaani kemikali inayobeba jeni, hakuna nafasi.

Hatua ya 6. Mwonyeshe mtu asiyejua somo, ifiche, kisha mwombe aeleze alichojifunza. Akicheka bila kuweza kueleza, chora upya.

MASWALI

Swali: Naomba picha zilizo tayari, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Sina. Hatua ya 3 ina sentensi mbili.

Swali: Kwa uwiano wa 3:1 (watatu wenye sifa tawala kwa mmoja mwenye sifa fiche, kila mzazi akiwa na aleli moja ya kila aina) nimechora watoto watatu wenye sifa tawala wakimsubiri wa nne mwenye sifa fiche. Ni sawa?
Jibu: Si sawa. Kila mtoto ni mrusho mpya wa dadu, na dadu haikumbuki mirusho iliyopita. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupandisha njegere, alipata njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani 2.96 kwa 1, kwa sababu alihesabu maelfu. Familia ya watoto wanne haina deni la kulipa.

Swali: Je, panya ana ukweli wowote, au ni kichekesho tu?
Jibu: Swali zuri sana. Kwenye njegere zenye mikunjo, jeni haikutafunwa, bali kipande cha DNA cha herufi 800 hivi kilijipachika katikati yake, jambo lililoelezwa mwaka 1990. Kwa sababu hiyo kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachoutia wanga matawi hakitengenezwi ipasavyo, sukari inabaki nyingi, mbegu inavuta maji mengi, na inapokauka inanywea na ganda lake kukunjamana. Kwa hiyo, kwa njegere, mchore panya akigundisha karatasi ngeni katikati ya maelekezo.

Swali: Mashine yangu huchapa nyeusi tu. Nitatofautishaje aleli?
Jibu: Tumia mistari na madoa. Hata mwenye rangi asitegemee nyekundu na kijani, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha, wanaume zaidi kuliko wanawake. Jeni zinazohusika zimo kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi za DNA ndani ya seli; mwanamke anazo mbili, na mwanamume anayo moja.

Swali: Kwa hiyo jiko la mwanamume lina nakala moja tu, na panya akiipata hakuna ya kusoma?
Jibu: Ndiyo. Ichore hiyo, na sura ya mpishi iwe kubwa.