Unahamia nchi nyingine? Anza na makaratasi

Wengi wanauliza waanze na nini, mi nasema makaratasi kabla hata ya tiketi. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele, nchi nyingi zinataka hivyo. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule vipigwe apostili (muhuri rasmi wa kuthibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine) kama nchi zote mbili, unayotoka na unayoenda, zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, na ufanye kabla hujaondoka maana ukishafika huko ni kuhangaika kutuma watu. Akaunti ya benki je? Mara nyingi benki inataka uthibitisho wa makazi na mwenye nyumba naye anataka akaunti, yaani unazungushwa tu, so tafuta kwanza chumba cha muda chenye mkataba wa maandishi, jina liandikwe vilevile kama kwenye pasipoti, herufi moja ikikosewa wanakurudisha. Na pasipoti usimwachie mtu akushikie, hata awe bosi wako.