Ukitaka kuwa mrushaji wa besiboli, weka kando habari ya kasi

Vijana wanaokuja kwangu mazoezini, wengi mikono yao imekomaa kwa kuangua maembe kwa mawe, na swali la kwanza ni lile lile: "Kocha, nirushe vipi mpira uende kasi zaidi?" Namjibu, kwanza nionyeshe kama unaiona glovu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira.

Toka unaposimama hadi beisi ya nyumbani, pale alipo mpigaji, ni mita 18.44, na beisi yenyewe ina upana wa sentimita 43 tu. Ukikosa eneo halali, yaani juu ya beisi hiyo, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, mara nne naye asiuzungushie gongo, anajiendea zake beisi ya kwanza bila jasho. Kasi yako imekusaidia nini?

Anza na mshiko. Kidole cha shahada na cha kati viweke juu, vikikatiza mshono pale unapopinda, ncha zikae juu ya uzi. Gumba liwe chini. Kati ya mpira na kiganja pabaki uwazi.

Halafu miguu, maana nguvu hutoka huko na nyonga. Anayetumia mkono wa kulia ainue mguu wa kushoto, apige hatua ndefu kumwelekea mdakaji. Mguu ukitua pembeni, mpira nao huenda pembeni. Mpira ukipotea, mimi hutazama unyayo uliochorwa kwenye vumbi kabla sijausema mkono.

Mazoezi yake ni rahisi: funga kamba mbili kwenye nguzo mbili, moja usawa wa magoti, nyingine usawa wa kifua, urushe katikati yake. Ukizoea, lenga kona ya chini tu. Inachosha, najua.

Kona ikikutii, ndipo ujifunze mpira wa polepole. Sasa uzamishe mpira kiganjani, uushike kwa vidole vitatu, lakini mkono uzunguke kwa nguvu zile zile. Siri yote iko hapo. Ukipunguza mkono, mpigaji ameshajua. Usipopunguza, atazungusha gongo mpira haujafika. Warren Spahn, aliyeshinda mechi 363 katika ligi kuu ya Marekani, alikuwa akisema kazi ya mpigaji ni kupatia wakati, na ya mrushaji ni kumvurugia wakati huo. Greg Maddux hakuwa na mkono wa kutisha, lakini alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, kwa kuuweka mpira anapotaka.

La mwisho ni kupumzika, na hapa sina mjadala. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, zinampa mtoto wa miaka 11 au 12 mirusho 85 kwa siku, basi; akifikisha 66, anakaa siku nne bila kurusha kwenye mechi. Mimi huhesabu kwenye daftari. Nikikuona unakandakanda kiwiko kwa siri, unatoka, hata kama tunaongoza.