Namna ya Kutazama Ndege wa Majini Wakati wa Kaskazi

Kuanzia mwezi Agosti, mchana unapozidi kufupika huko Siberia na Ulaya ya Kaskazini, ndege wa majini wanaozaliana huko huanza safari ya kuja kusini kabla matope na maziwa yao hayajaganda kwa barafu. Wengi wao hufika Afrika Mashariki kati ya Septemba na Novemba, na majira ya upepo wa kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, ndiyo majira ambayo maziwa, malambo na mabwawa yetu huwa na wageni hao kwa wingi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye darubini ya kawaida anayeweza kufika mara kwa mara kwenye maji yaliyo karibu naye, na shauri lake kuu ni moja: wajue kwanza ndege wenyeji wa maji hayo, kwa sababu mgeni huonekana upesi kwa mtu anayewajua wenyeji.

Katika kuchagua mahali, ukubwa wa ziwa au umaarufu wake si jambo la kwanza. Kinachowavuta wageni wengi ni kina kifupi na ukingo wenye matope laini, na vitu hivyo hupatikana pia katika lambo la mifugo, bwawa la umwagiliaji, mashamba ya mpunga kama yale ya Mwea na Ahero, na hata mabwawa ya kusafishia maji taka. Mabwawa ya maji taka yanayoitwa ya Dandora, mashariki mwa Nairobi, yamejulikana kwa miaka mingi miongoni mwa watazamaji kwa wingi wa bata na ndege wa matopeni, ingawa harufu yake haimpendezi mtu yeyote na ni lazima kuomba ruhusa kwa wasimamizi kabla ya kuingia. Kwa anayejifunza, mimi ningependekeza bwawa dogo kabla ya ziwa kubwa, kwa kuwa katika bwawa dogo ndege huwa karibu, na mtazamaji anaweza kumaliza kuwakagua wote kabla jua halijawa kali.

Maji ya magadi na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayana ndege walewale. Maziwa ya magadi kama Nakuru, Elementaita, Bogoria na Natron huwa na heroe (flamingo), na kingo zake huwalisha ndege wa matopeni wengi, ilhali maziwa ya maji baridi kama Naivasha na Baringo, yenye mafunjo na mayungiyungi, huwa na kukuziwa, salili, mnandi, mwari na mdiria. Hata hivyo hali ya ziwa haidumu. Ziwa Nakuru, ambalo mwaka 1990 lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, lilisifika duniani kwa makundi ya heroe wadogo, lakini maji yalipopanda katika miaka ya 2010 magadi yalipungua nguvu, mwani wanaoula ukapungua pamoja nayo, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine. Maji yanapopanda hufunika pia ukingo wa matope, na ndege wa miguu mifupi hukosa pa kusimama. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari ya mbali, uliza kina cha maji kikoje kwa sasa. Jibu la swali hilo lina faida kuliko orodha yoyote ya ndege iliyoandikwa miaka kumi iliyopita.

Wakati mzuri ni tangu kunapopambazuka hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri. Baada ya saa nne hewa iliyo juu ya matope hupata joto na kuanza kutetemeka, mazigazi hutokea, na darubini yenye nguvu zaidi haisaidii kitu kwa sababu inakuza pia mtetemeko huo. Katika miezi ya kaskazi upepo wa mchana unaweza kuinua viwimbi vinavyowaficha bata wadogo. Jipange jua liwe nyuma yako: asubuhi simama upande wa mashariki wa maji ukitazama magharibi, na jioni ufanye kinyume chake. Kanuni hii huonekana ndogo hadi pale mtu anapojaribu kutofautisha vitwitwi wawili, yaani ndege wa matopeni, wanaoonekana kama vivuli vyeusi mbele ya jua.

Kwa upande wa vifaa, darubini ya kukuza mara 8 yenye lenzi za mbele za milimita 42 inatosha kabisa, na naipendelea kuliko ya mara 10, kwa kuwa haitetemeki sana mkononi na huonyesha eneo pana zaidi. Kwenye ziwa kubwa, ambako ndege huwa mbali na ukingo, teleskopu iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu na kukuza kati ya mara 20 na 60 huleta tofauti kubwa. Kwenye lambo ni mzigo tu. Chukua daftari, penseli, kofia, maji ya kunywa na kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki. Katika vitabu hivyo majina ya Kiswahili ni machache, na kitwitwi ni jina linalobeba ndege wengi wasiofanana, kwa hiyo katika aya zinazofuata nitataja jina la kisayansi pale ambapo msomaji atalihitaji ili kuupata ukurasa unaofaa.

Ukifika, usikimbilie kumtafuta ndege mmoja mmoja. Tazama kwanza maji yenyewe na ujiulize ni nani anasimama wapi, kwa maana urefu wa miguu na wa mdomo huwagawa ndege katika mistari inayofuatana na kina. Kwenye matope makavu hukaa ndege wanaokimbia hatua chache, wakasimama, wakatazama, kisha wakadonoa. Hao hutafuta chakula kwa macho. Kwenye matope mabichi yenye utando wa maji wapo vitwitwi wadogo kabisa, ambao hudonoa bila kupumzika. Wanaofika kwenye maji ya kimo cha goti lao ni wale wa miguu ya wastani, na mbele zaidi, maji yakigusa tumbo, huwa ni ndege wembamba wa miguu mirefu, wakiwamo wale weusi kwa weupe wenye miguu ya waridi ambao ni wenyeji. Baada yao ni bata, kwanza wale wanaoinamisha kichwa huku mkia ukielekea juu, kisha wanaopiga mbizi, pamoja na vibisi, kwenye kina kirefu. Mtu aliyeizoea mistari hii huweza kupunguza majina yanayowezekana kutoka thelathini hadi matano kabla hajaona hata rangi moja. Vilevile, ndege aliyesimama mahali pasipo pake anastahili kutazamwa mara ya pili: huenda amefukuzwa, huenda anapumzika tu, au huenda si yule uliyemdhania.

Bata ndio shule nzuri ya kuanzia. Wenyeji wa kawaida ni bata mwenye mdomo wa manjano, yule mwenye mdomo mwekundu na utosi wa rangi nyeusi, mdogo wa mdomo wa buluu, na yule mweupe-kijivu mwenye mdomo wa waridi apendaye maji ya magadi. Nao wote wana sifa moja ya kukumbukwa, kwamba dume na jike hufanana mwaka mzima. Wageni wa kaskazini hawako hivyo. Spatula clypeata, mwenye mdomo uliopanuka mbele kama mwiko, ana dume mwenye kichwa cha kijani kilichokolea, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kahawia-nyekundu, ilhali jike lake ni la kahawia tupu. Kundi lao huzunguka pamoja vichwa vikiwa majini, kila mmoja akichuja maji yaliyotibuliwa na aliye mbele yake. Anas acuta ana shingo ndefu, na dume lake lina mkia mrefu uliochongoka. Spatula querquedula, bata mdogo anayekuja kwa wingi, hutambulika kwa mstari mpana mweupe ulio juu ya jicho la dume. Kwa hiyo ukiona kundi la bata ambamo madume na majike hawafanani, una sababu nzuri ya kudhani kwamba ni wageni, japokuwa wapo wenyeji wachache wanaovunja kanuni hii, kama yule bata mkubwa ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo.

Kuna tahadhari moja. Madume ya kaskazini hufika hapa wakiwa bado katika manyoya yaliyofifia, yanayofanana na ya majike, na baadhi yao hawakamilishi rangi zao hadi Januari au Februari. Anayeanza mwezi Novemba atakutana na makundi ya bata wa kahawia ambao hawamwambii kitu kwa rangi. Hapo atazame umbo la mdomo, urefu wa shingo, na rangi ya bawa ndege anaporuka, kwa sababu hizo hazibadiliki sana.

Vitwitwi wanahitaji subira zaidi, na ndio wanaowakatisha watu wengi tamaa, kwa kuwa wakiwa huku huvaa kijivu na kahawia badala ya rangi kali za majira ya kuzaliana. Dawa ni kumshika mmoja vizuri na kuwapima wengine kwa huyo. Mimi huanza na Tringa glareola, kwa kuwa hupatikana karibu kila penye maji matamu na matope: ni wa ukubwa wa wastani, mgongo wake una madoadoa meupe, ana mstari mweupe juu ya jicho, na miguu yake ni ya manjano iliyofifia. Ukimfahamu huyo, Tringa ochropus ataonekana mweusi zaidi mgongoni, mpweke, mwoga, apendaye vidimbwi vidogo na mifereji, na akiruka sehemu ya juu ya mkia wake hung'aa kwa weupe huku chini ya mabawa kukiwa kweusi. Actitis hypoleucos hutikisa sehemu yake ya nyuma karibu bila kukoma, ana kipande cheupe kinachopanda mbele ya bega, na huruka chini chini juu ya maji kwa mapigo mafupi yaliyokakamaa. Kwenye maji ya kina zaidi, Tringa stagnatilis ni mwembamba, mwenye mdomo ulionyooka na kuchongoka, ilhali Tringa nebularia ni mkubwa kuliko yeye, mdomo wake ni mnene na umepinda kidogo kuelekea juu, na mlio wake mkali wa sauti tatu husikika ng'ambo ya bwawa.

Mdogo kuliko wote hao ni Calidris minuta, mwenye miguu myeusi na uzito ambao kwa kawaida ni kati ya gramu 20 na 30, ambaye huzaliana katika nyanda za Aktiki na hata hivyo huonekana kwenye kingo za maziwa yetu kwa mamia. Naye Calidris pugnax huwachanganya watu kwa sababu dume ni kubwa mno kuliko jike, hata watu hudhani ni aina mbili. Tazama kichwa kidogo, shingo iliyonyooka, na manyoya ya mgongoni yenye kingo nyeupe yanayoonekana kama magamba.

Kundi zima likiruka kwa ghafla, usilifuate kwa darubini. Tazama juu, maana mara nyingi kuna kipanga au ndege mwingine mwindaji anayepita. Ndege wa matopeni wakitulia watarudi kwenye mistari yao, na huo ndio wakati mzuri wa kuwahesabu.

Ukikaribia maji, nenda polepole, kwa mshazari, bila kuonyesha kimo chako dhidi ya anga, na usimame mara tu ndege wanapoacha kula na kuinua vichwa. Dalili hiyo huja kabla ya kuruka, na anayeiheshimu hupata nusu saa nzima ya kutazama. Kwa wageni jambo hili ni zito zaidi kuelekea Machi, wanapojilimbikizia mafuta ya safari ya kurudi. Kila wanaporushwa hutumia sehemu ya akiba hiyo. Naivasha na Baringo kuna viboko, na Baringo kuna mamba pia, kwa hiyo usiingie kwenye mafunjo wala usitembee ukingoni alfajiri na jioni bila mwenyeji anayeyajua maji hayo. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Usiingize miguu mitupu katika madimbwi ya maji baridi, kwa ajili ya kichocho.

Kuhesabu kunataka utaratibu. Hesabu ndege kumi kwa uhakika, ona wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Kundi likiwa la maelfu, tumia mia badala ya kumi. Kundi likiwa na mchanganyiko, pata kwanza jumla, halafu kagua sehemu kadhaa tofauti za kundi ili kujua uwiano wa kila aina, kwa sababu ndege wa aina moja hupenda kukaa pamoja na sehemu moja pekee itakudanganya. Andika tarehe, saa, kina cha maji na hali ya upepo hapohapo. Kumbukumbu hizo zinaweza kuingizwa katika eBird au Kenya Bird Map, miradi ya mtandaoni ya kukusanya kumbukumbu za ndege, na mwezi Januari kuna sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967, ambayo nchini Kenya huendeshwa kwa msaada wa watu wa kujitolea. Anayetaka kujifunza haraka ajiunge nayo, kwani siku moja kando ya mtu mzoefu ina faida kuliko wiki kadhaa za kitabu peke yake.

Kuanzia Machi rudi kwenye maji yaleyale mara nyingi zaidi, hata kila wiki ukiweza. Calidris minuta wataanza kupata wekundu mgongoni, madume ya Calidris pugnax yatabadilika kila mmoja kwa rangi yake, na idadi itapungua kwa vipindi hadi mwishoni mwa Aprili. Wachache watakaobaki Mei na Juni, wakiwa na rangi za kijivu, wengi wao ni wale waliozaliwa mwaka uliotangulia na ambao hawatazaliana bado. Waandike na hao pia, pamoja na tarehe.