Nyasi gani upande kiwanjani ili zisiishe baada ya mechi tatu

Ukienda kununua nyasi usichague kwa rangi jamani, kitaluni kila nyasi ni kijani. Swali lako liwe hili: pale mbele ya goli zikishang'olewa na njumu, zitajirudi zenyewe? Zinazojirudi ni zile zinazotambaa juu ya udongo na pia chini yake, maana ya juu ikichanika ile shina ya chini inachipua upya.

Ndo maana ukoka hauna mpinzani kwenye mpira. Ukoka wa kawaida unatosha kabisa kwa kiwanja cha shule au mtaa, hauogopi ukame na vipando unapata hata bure. Kama una hela na mtu wa kuhudumia, nenda kwenye Tifway 419, ni chotara ya ukoka iliyotoka Tifton, Georgia, kule Marekani mwaka 1960, jani lake jembamba, inashonana vizuri na kupona inapona haraka. Ila hiyo haizai mbegu, inapandwa kwa vipando au kwa mikeka iliyokwisha kuota, kwa hiyo mtu akikuuzia "mbegu za 419" ujue unapigwa. Na aina zote za ukoka zinataka jua, kwenye kivuli cha jukwaa au miti zinakonda tu mpaka zinaisha.

Sehemu za baridi kama Limuru au Mbeya, kikuyu ni nyasi ya nyumbani, asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu. Ngumu kweli, na ndo iko kwenye feawei (ile njia ndefu ya kuchezea kuelekea shimoni) za Riviera, kiwanja cha gofu kule Los Angeles. Shida inajaza mkeka mnene chini usipoikata mara kwa mara, na inavamia kila kitu jirani, sasa kwenye gofu ukiiacha isogelee grini, pale penye shimo, umekwisha.

Pwani pima maji ya kisima kwanza, kabla ya yote. Yakiwa na chumvi chukua paspalamu ya pwani, inavumilia chumvi kuliko hizi zingine zote, ila mwagia maji yasiyo na chumvi mpaka ishike ndo uhamie ya kisima. Nyasi ya zoisia ni nzuri na inavumilia kivuli kiasi, lakini inapona polepole sana, golini sikushauri.

Grini ni habari nyingine. Pale unakata kama milimita 3, kwa hiyo unahitaji chotara fupi kama TifEagle, 419 ukiibana hivyo kila siku inachoka. Kiwanja cha mpira acha milimita 25 hivi, na mashine iwe na kisu kikali, butu inachana jani.

Kabla hujalipa fukua kidogo kwenye shamba la muuzaji uangalie chini. Ukiona vile vitunguu vya ndago, lile gugu sugu, hata viwili, usinunue hapo, maana ndago ikiingia kiwanjani utaing'oa miaka.