Kombe wadogo wabaki mchangani: mafunzo kutoka hori la Ashtamudi

Katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, kuna hori kubwa, yaani maji ya bahari yaliyoingia ndani ya nchi kavu, liitwalo Ashtamudi. Liko ubavuni mwa mji wa Kollam, na maji yake hutoka kwenda Bahari ya Arabia kupitia mlango wa Neendakara. Karibu na mlango huo, pale chumvi inapokolea, mchanga wa chini umejaa kombe wa mguu wa manjano, viumbe wenye maganda mawili, ambao wataalamu huwaita Paphia malabarica. Watu wapatao 3,000 wanaishi kwa kombe hao. Wapo wanaopiga mbizi, na wapo wanaosimama juu ya mtumbwi wakikwangua mchanga kwa kikapu cha chuma chenye wavu, kilichofungwa kwenye mti mrefu. Mzigo ukifika nchi kavu huchemshwa, maganda huachia, nyama hutengwa na kupimwa.

Biashara hii ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyama ilipopata soko Vietnam, Thailand na Malaysia. Mwaka 1991 hori lilitoa tani 10,000. Kufikia 1993 mavuno yalikuwa yamepungua kwa nusu. Kisa chenyewe ni kile kile tunachokijua kwenye fungu lolote la mchanga lenye mali: bei ilikuwa nzuri, watu wakaongezeka, wakubwa wakaisha, na mikono ikahamia kwa wadogo ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wachokoaji kombe wa kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, wakisikie vizuri. Watafiti wa CMFRI, taasisi ya serikali ya India ya utafiti wa uvuvi wa baharini yenye makao yake Kochi, walikaa na wavuvi na idara ya uvuvi, wakakubaliana masharti machache. Matundu ya wavu yasipungue milimita 30. Zana ziwe za mkono tu. Hori lifungwe Desemba hadi Februari, kombe wanapozaa. Na nyama ya kusafirishwa nje isizidi vipande 1,400 kwa kilo moja. Masharti yalishika, na mwaka 2014 uvuvi wa Ashtamudi ukapewa cheti cha uvuvi endelevu cha shirika la kimataifa la Marine Stewardship Council. Ulikuwa uvuvi wa kwanza India nzima kupata cheti hicho.

Sharti la vipande 1,400 ndilo linalonivutia kuliko yote. Mlinzi wa hori hawezi kukagua kila mtumbwi, na mvuvi mwenye njaa atapita usiku. Lakini kombe hana thamani mpaka afike kwenye mizani. Mnunuzi akihesabu na kukuta kilo imebeba vipande 1,600, anajua kombe hao ni wadogo mno na mzigo hausafiri. Mvuvi aliyeshinda kutwa majini kuwatafuta wadogo amepoteza kuni, muda na nguvu. Kesho yake atawaacha mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Kwa hiyo, kamati yenu ikitaka kuweka kipimo cha kombe au chaza, anzeni kuzungumza na wanunuzi na wachuuzi kabla ya kuandika kibao cha marufuku. Wakubaliane wote, kwa sababu akibaki mmoja anayenunua wadogo, mzigo wote utakwenda kwake.

Sasa tuje kwenye chekecheke, chombo cha kutenga wadogo na wakubwa. Kupembua kufanyike palepale majini au juu ya chombo, kombe wakiwa hai, siyo nyumbani karibu na jiko. Kombe mdogo aliyekwishapigwa jua kwa muda mrefu huenda asipone hata ukimrudisha. Chekecheke liwe la matundu yanayolingana, uzamishe kwenye maji, ulitikise, wadogo waanguke wenyewe. Waanguke juu ya mchanga safi ule ule walikotoka. Ukiwamwaga wote mahali pamoja watarundikana na kusongana, na wa chini watakufa. Na usichimbe kila siku sehemu moja: mchanga uliovurugwa mfululizo hauwapi vitoto nafasi ya kutulia.

Kuhusu miezi ya kufunga, tafadhali usinakili Desemba hadi Februari kwa kuwa imefaa Ashtamudi. Kule mvua kubwa huletwa na upepo ule ule tunaouita kusi. Hufika Kerala mapema Juni, mito hufurika, hori linapoa na chumvi inapungua. Mvua zikishapita, chumvi hurudi, na kombe huzaa kati ya mwisho wa mwaka na Februari. Kwa samaki mambo ni tofauti hata hapo hapo Kerala: meli za kukokota nyavu husimamishwa siku 52, kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni hadi Julai 31. Jimbo moja, pwani moja, na kila kiumbe kina majira yake.

Yako utayajua kwa kupasua. Kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, chukua kombe wachache wakubwa kutoka sehemu mbalimbali, wafungue, tazama tumbo. Likiwa limejaa, nene, lenye rangi ya maziwa, yuko karibu kuzaa. Likiwa limenywea na lina majimaji, amekwishazaa. Andika kwenye daftari tarehe na ulichokiona, mwaka mzima. Miezi ambayo wengi wamejaa, kisha ghafla wengi wamenywea, ndiyo ya kufunga. Wenzetu wa Pemba na Mafia wanaofunga miamba kwa ajili ya pweza wanajua pia upande wa pili wa jambo hili: kufunga kunahitaji chakula mbadala mezani. Funga eneo moja, acha jingine wazi, hasa kwa kina mama wasio na chombo cha kwenda mbali.

Masharti ya uvuvi yana mwisho wake, na Ashtamudi imeonyesha hilo pia. Hori hilo hupokea taka za mji, na limeingiliwa na kome wa kigeni kutoka Amerika, Mytella strigata, anayetanda juu ya mchanga kama zulia na kuwanyima kombe wa asili nafasi. Kombe walipopungua tena, haikuwa kwa sababu ya wavu peke yake. CMFRI imelazimika kuzalisha vitoto vya kombe kwenye matangi na kuvimwaga horini. Ni kazi ya gharama kubwa, ambayo kikundi cha kijiji hakiiwezi.

Lipo moja ambalo kijiji kinaliweza. Kerala, kama ilivyo Unguja na Pemba, makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope la pwani yalainike, yatoe usumba wa kusokota kamba. Yanapooza, maji yanayozunguka hukosa hewa, hutoa harufu ya mayai viza, na viumbe wa mchangani hupungua sana. Simkatazi mtu kamba zake. Ila mashimo ya makumbi yawe mbali na fungu la kombe, na yasiwe upande ambao maji yakijaa yatabeba uchafu huo moja kwa moja hadi kwao.

Wanaotamani kufuga wana mfano kaskazini mwa jimbo hilo hilo, Kasaragod, ambako vikundi vya wanawake hufuga kome wa kijani kwenye kamba. Vitoto hufungwa kuzunguka kamba kwa kitambaa chepesi cha pamba; kome hujishikiza kwa nyuzi zao, na kitambaa huoza chenyewe. Kamba hutundikwa kwenye fremu za mianzi baada ya mvua na kuvunwa kabla mvua hazijarudi, maana maji ya mafuriko yasiyo na chumvi huwaua. Ugumu uko kwenye vitoto: hutolewa miambani, na wanaovuna kome wa miambani huona wamenyang'anywa. Suala hilo limalizwe kwenye kikao kabla ya kununua hata kamba moja.

Mwisho kabisa, usalama wa mlaji. Kombe, kome na chaza hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo kila kilichomo majini kimo tumboni mwao. Usivune karibu na mfereji wa maji taka, na baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa. Waliovunwa wawekwe kwenye tenga ndani ya maji safi ya bahari, lisiguse mchanga, kwa siku moja. Watatema mchanga na sehemu ya uchafu. Aliyefunguka kabla ya kupikwa na hafungi ukimgonga, mtupe. Asiyefunguka baada ya kuchemka, mtupe pia.

Kuchemsha huua vijidudu vya ugonjwa lakini hakuondoi sumu inayotokana na viumbe vidogo mno vya majini vinavyoweza kuibadili bahari rangi. Vizhinjam, kusini mwa Kerala, mwaka 1997, watu 7 walifariki baada ya kula kome wenye sumu ya aina hiyo. Maji yakigeuka mekundu au kahawia isivyo kawaida, simamisheni uvunaji wote na mtoe taarifa kwa ofisa uvuvi. Lakini maji kuonekana safi si hakikisho. Mtu akila kombe kisha midomo, ulimi au vidole vikaanza kufa ganzi, msimpe maziwa wala dawa ya nyumbani: mkimbizeni hospitali mara moja, kwa kuwa ganzi hiyo inaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia, na kombe waliobaki sufuriani mwende nao wakapimwe.